Kanuni ya zao na kanuni ya mnyororo: ipi ianze, na kwa nini

Tazama fanksheni hizi nne: x² sin x, sin(x²), sin²x na x sin(x²). Viungo vyake ni vilevile, yaani x, sin na kipeo cha pili, lakini kila moja ina derivativu (kiwango chake cha kubadilika x ikisogea) ya namna yake:

x² sin x → 2x sin x + x² cos x
sin(x²) → 2x cos(x²)
sin²x → 2 sin x cos x
x sin(x²) → sin(x²) + 2x² cos(x²)

Anayekosea hapa mara nyingi hajasahau kanuni. Mwamshe usiku wa manane atakuimbia kanuni ya zao, (uv)′ = u′v + uv′ (alama ′ ni derivativu), bila kugugumia, na ya mnyororo, ile ya fanksheni iliyo ndani ya nyingine, ataitaja pia. Kinachomshinda ni kujua ipi inaanza. Anaona x na sin zimekaa jirani, anakisia kwa sura, na kuanzia hapo hata mahesabu safi hayamsaidii.

Njia ya uhakika ni fupi. Chukua namba yoyote, tuseme x = 2, kisha jifanye unakokotoa thamani ya fanksheni kwa kikokotoo cha kawaida, kitendo kimoja baada ya kingine. Kitendo unachokifanya mwisho kabisa ndicho kinachoamua kanuni ya kuanza nayo. Kwa x² sin x utapata 4, utatafuta sin 2, kisha utazizidisha: umemalizia na kuzidisha, basi ni kanuni ya zao. Kwa sin(x²) utapata 4, kisha utabonyeza sin: umemalizia na sin iliyobeba kitu ndani yake, basi ni mnyororo. Kwa sin²x unaanza na sin 2 na kumalizia kwa kupeleka jibu kwenye kipeo cha pili: ni mnyororo tena, ila safari hii cha nje ni kipeo na sin iko ndani. Kwa x sin(x²) kitendo cha mwisho ni kuzidisha, kwa hiyo unafungua kwa kanuni ya zao. Mnyororo utaukuta baadaye, ukifika kwenye kipande cha sin(x²).

Neno “baadaye” hapo lina uzito. Kanuni ya kwanza haimalizi kazi, inaivunja vipande. Kila kipande unakiuliza swali lilelile: kitendo chako cha mwisho ni kipi? Unaendelea hivyo mpaka ubaki na vitu ambavyo derivativu zake unazijua kwa kichwa: xⁿ, sin x, cos x, eˣ, ln x.

Kwa nini zao lina sehemu mbili

Watu wengi wakiachiwa wabuni wenyewe wataandika (uv)′ = u′v′, kwa sababu jumla inafanya hivyo: (u + v)′ = u′ + v′. Si aibu kulifikiria hilo. Gottfried Wilhelm Leibniz mwenyewe, katika karatasi zake za Novemba 1675, alijiuliza kama derivativu ya zao ni zao la derivativu, akajaribu, akaona haiwezekani. Mwaka 1684, alipochapisha makala yake ya kwanza ya kalkulasi katika jarida la Acta Eruditorum la Leipzig, kanuni sahihi ilikuwamo.

Jaribio la kuivunja kanuni hiyo ya uongo ni la mstari mmoja. Andika x³ kama x · x². Tunajua jibu ni 3x². Kwa u′v′ tunapata 1 · 2x = 2x. Imeanguka.

Ila kujua kwamba imeanguka ni tofauti na kujua ni kitu gani hasa kilichopotea. Chukua bamba la chuma lenye urefu wa mm 300 na upana wa mm 200. Likipashwa moto, chuma hutanuka kwa takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo kwa nyuzi moja urefu unaongezeka mm 0.0036 na upana mm 0.0024. Eneo limeongezeka kiasi gani? Chora bamba la zamani, kisha ulizungushie nyongeza. Upande mmoja kuna ukanda mwembamba uliotokana na urefu kukua: 200 × 0.0036 = 0.72 mm². Upande wa pili kuna ukanda uliotokana na upana kukua: 300 × 0.0024 = 0.72 mm². Na pale kanda mbili zinapokutana pembeni kuna kikona kidogo: 0.0036 × 0.0024 = 0.00000864 mm².

Urefu ukiwa u na upana v, kanda mbili ndizo u′v na uv′. Jumla yake ni 1.44 mm² kwa kila nyuzi. Kikona ni kidogo kuliko jumla hiyo kwa zaidi ya mara laki moja na nusu, na ukichukua badiliko dogo zaidi la joto kitazidi kuwa si kitu. Sasa tazama vizuri: kikona hicho kimetokana na kuzidisha badiliko kwa badiliko. Aliyeandika u′v′ ametupa kanda zote mbili akabaki na kona, kipande pekee ambacho hesabu nzima inatuambia tukiache.

Kwa alama ni hivi (Δ ni badiliko): u ikiwa u + Δu na v ikiwa v + Δv, zao linaongezeka kwa vΔu + uΔv + ΔuΔv. Gawanya kwa Δx. Sehemu mbili za kwanza zinaelekea u′v na uv′. Ya tatu ni (Δu/Δx) · Δv, na kwa kuwa Δv inaelekea sifuri, nayo inaelekea sifuri.

Vizio navyo vinatoa ushahidi. Eneo linalobadilika kwa joto lazima lipimwe kwa mm² kwa nyuzi. u′v′ ingetoa mm² kwa nyuzi mara nyuzi, kipimo ambacho hakuna aliyekiuliza. Mtu wa fizikia angeikamata kanuni hiyo ya uongo bila kugusa kalkulasi hata kidogo.

Zao likiwa la fanksheni tatu, wazo ni lilelile: acha moja isogee huku mbili zimesimama, kisha jumlisha. (uvw)′ = u′vw + uv′w + uvw′.

Kwa nini mnyororo unazidisha

Tuseme lori linakwenda kilomita 60 kwa saa, linakunywa lita 0.3 kwa kilomita, na dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita. Linakula shilingi ngapi kwa saa? 60 × 0.3 × 3,000 = 54,000. Hakuna dereva atakayezijumlisha namba hizo tatu, maana kilomita na lita zinakatana zenyewe na kinachobaki ni shilingi kwa saa. Kanuni ya mnyororo haisemi zaidi ya hapo: y ikitegemea u, na u ikitegemea x, basi (dy/dx ni derivativu ya y kwa x)

dy/dx = dy/du × du/dx

Kinachoongezeka katika kalkulasi ni kwamba viwango hivi havitulii. Lori lenyewe hunywa zaidi likipanda mlima. Kwa hiyo lazima useme kila kiwango kimepimwa wapi. Ndiyo maana andiko la pili la kanuni hii lina umbo hili:

[f(g(x))]′ = f′(g(x)) · g′(x)

Soma f′(g(x)) polepole: ni derivativu ya fanksheni ya nje, ikipimwa kwenye thamani ya fanksheni ya ndani. Cha ndani kinabaki kama kilivyo, hakiguswi. Baada ya hapo ndipo unazidisha kwa derivativu ya cha ndani.

Katika (3x + 1)⁵, cha nje ni “kitu fulani kwenye kipeo cha 5” na cha ndani ni 3x + 1. Nje inatoa 5(3x + 1)⁴, ndani inatoa 3, jibu ni 15(3x + 1)⁴. Funika cha ndani kwa kidole unapotofautisha cha nje, yaani unapotafuta derivativu yake. Ukikiona kimebadilika chini ya kidole, kuna kosa.

Vitabu vingi huieleza dy/du × du/dx kana kwamba du zinakatana kama sehemu za kawaida. Kama njia ya kukumbuka, hakuna ubaya. Kama uthibitisho, ina tundu: cha ndani kinaweza kutosogea kabisa ingawa x imesogea, Δu ikawa sifuri, na hapo unakuwa umegawanya kwa sifuri bila kujua. Uthibitisho kamili huziba tundu hilo kwa njia nyingine. Anayehitaji tu kukokotoa hapaswi kukosa usingizi juu yake.

Makosa yanayojirudia

La kawaida kuliko yote ni kusahau derivativu ya ndani. Mtu anaandika 5(3x + 1)⁴ akasonga mbele. Kinachomponza ni kwamba kwa x⁵ njia hiyo ilifanya kazi siku zote: ya ndani ilikuwa x, derivativu yake 1, na kuzidisha kwa 1 hakuonekani. Mnyororo ulikuwepo tangu siku ya kwanza, ila haukuwa na athari.

Kinyume chake ni kubadilisha nje na ndani kwa mpigo mmoja: sin(x²) ikawa cos(2x). Jaribu x = 1. Sahihi ni 2 cos 1, takriban 1.08; cos 2 ni takriban −0.42. Hata alama ya jumlisha na kutoa imegeuka.

Kwa eˣ kuna mtego wake. Ukiwa na e³ˣ, kanuni ya vipeo (shusha kipeo, punguza moja) haina kazi hapa, kwa sababu x iko juu na namba isiyobadilika iko chini. 3x·e³ˣ⁻¹ ni kosa. Cha nje ni e kwenye kitu fulani, ambacho kikitofautishwa kinabaki vilevile. Cha ndani ni 3x. Jibu: 3e³ˣ.

Mabano ni jambo dogo linalogharimu alama nyingi. Derivativu ya sin(x² − 3x) ni cos(x² − 3x) · (2x − 3). Ukiandika cos(x² − 3x) · 2x − 3, umebadilisha maana: sasa 3 inatolewa peke yake mwishoni. Andika derivativu ya ndani mbele, (2x − 3) cos(x² − 3x), na hatari hiyo inaondoka.

Halafu kuna digrii. Kanuni ya kwamba sin inatoa cos ni ya kweli pembe ikipimwa kwa radiani tu. Sin ya x digrii ni sin(πx/180) kwa radiani, kwa hiyo mnyororo unadai uzidishe kwa π/180, yaani takriban 0.01745. Mtu anayehakiki jibu lake sahihi kwa kikokotoo kilichowekwa kwenye digrii ataona namba zinagombana, afute kazi nzuri aanze upya. Kabla ya kuhakiki chochote chenye sin au cos, angalia kikokotoo kimewekwa kipimo gani.

Zote mbili kwa pamoja

Sasa tutofautishe y = x²(3x − 1)⁵ mpaka mwisho.

Kitendo cha mwisho ni kuzidisha. Weka u = x² na v = (3x − 1)⁵, kila moja kwenye mstari wake, na chini yake derivativu. u′ = 2x. Kwa v, cha nje ni kipeo cha 5 na cha ndani ni 3x − 1, hivyo v′ = 5(3x − 1)⁴ · 3 = 15(3x − 1)⁴. Ukishakuwa na vitu vinne mbele yako, panga:

y′ = 2x(3x − 1)⁵ + 15x²(3x − 1)⁴

Kikalkulasi kazi imekwisha. Kialjebra bado, na hapa ndipo wengi huchukua njia mbaya kwa kufungua mabano. Ukifungua utapata mlolongo mrefu wa vipeo hadi cha sita usioweza kufanya nao lolote. Toa kigawo cha pamoja badala yake. Pande zote mbili zina x, na zote zina (3x − 1)⁴:

y′ = x(3x − 1)⁴ [2(3x − 1) + 15x] = x(3x − 1)⁴(21x − 2)

Faida inaonekana papo hapo. Swali linalofuata karibu kila mara ni pale y′ = 0, na majibu yako wazi: x = 0, x = 1/3, x = 2/21. Zaidi ya hayo, (3x − 1)⁴ haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo pale 1/3 grafu inalala kidogo kisha inaendelea kupanda ilikokuwa inaelekea. Si kilele wala si bonde. Kwenye 0 y′ inatoka chanya kwenda hasi, hicho ni kilele. Kwenye 2/21 inatoka hasi kwenda chanya, hilo ni bonde. Kanuni ya zao ikikutana na kipeo kikubwa, kigawo cha pamoja karibu kila mara ni mabano yaleyale yakiwa na kipeo kilichopungua moja.

Hakiki. Kwa x = 1 tunapata y′ = 1 · 2⁴ · 19 = 304. Sasa kokotoa fanksheni yenyewe pembeni kidogo mwa 1, kila upande: y(1.001) = 32.305235 na y(0.999) = 31.697229. Toa, gawanya kwa 0.002: 304.003. Imekubali. Ni vizuri kuchukua pande zote mbili, ukitumia y(1.001) na y(1) = 32 peke yake unapata 305.2, na hapo utaanza kujiuliza kama umekosea. Na usiwe mchoyo kupita kiasi kwa kuchukua hatua ndogo mno kama 0.00000001: namba mbili zitafanana karibu tarakimu zote, kikokotoo kitapoteza zile chache zilizobaki, na jibu litakuwa takataka. 0.001 inatosha kwa kazi za shuleni.

Umbo jingine linalopatikana nje ya darasa ni C = 4t·e^(−t/2). Kiasi cha dawa katika damu hufuata umbo la namna hii kwa muda t pale kiwango cha kufyonzwa kwa dawa na kiwango cha kuondolewa mwilini kinapolingana: t inavuta juu, e inavuta chini. Kitendo cha mwisho ni kuzidisha. u = 4t, u′ = 4; v = e^(−t/2), v′ = −½e^(−t/2). Basi C′ = 4e^(−t/2) − 2t·e^(−t/2) = (4 − 2t)e^(−t/2). e haifiki sifuri kamwe, kwa hiyo kilele kiko t = 2, na hapo C = 8/e, takriban 2.94. Alama ya kutoa katika −½ ndiyo inayopotea hapa. Ikipotea, C′ inakuwa chanya muda wote na dawa haipungui milele.

Mara nyingine zao ndilo liko ndani. Kwa y = e^(x sin x), kitendo cha mwisho ni kupandisha e; mnyororo unaanza, na cha ndani, x sin x, ndicho kinachodai kanuni ya zao. y′ = e^(x sin x) · (sin x + x cos x). Na mnyororo unaweza kuwa na pete tatu: sin³(2x² + 1) ina kipeo nje, sin katikati, 2x² + 1 ndani kabisa. Fungua kutoka nje, pete moja kwa wakati: 3 sin²(2x² + 1) · cos(2x² + 1) · 4x, yaani 12x sin²(2x² + 1) cos(2x² + 1).

Kanuni ya mgawanyo haihitaji kukaririwa

u/v ni u · v⁻¹. Tumia zao, na kwa v⁻¹ tumia mnyororo, ambao unatoa −v⁻² · v′:

(u/v)′ = u′v⁻¹ − u·v⁻²·v′ = (u′v − uv′)/v²

Wanaokariri huchanganya kati ya u′v − uv′ na uv′ − u′v. Ukijua alama ya kutoa imetoka kwenye kipeo cha −1 cha asili (v iliyo chini), haiwezekani kuibandika upande mwingine: inakaa na v′ daima. Kwa (x² + 1)/(2x − 3) unapata [2x(2x − 3) − 2(x² + 1)]/(2x − 3)², na kiasi, yaani sehemu ya juu, kinarahisishwa kuwa 2x² − 6x − 2.

Kabla ya kutumia kanuni yoyote, angalia kama inahitajika. x²(x³ + 4) ni x⁵ + 4x². Derivativu yake, 5x⁴ + 8x, haina haja ya kanuni ya zao. Namba isiyobadilika iliyokaa mbele, kama 7 katika 7 sin x, haigeuzwi kuwa u. Inabaki pale pale na kuzidisha. ln(x³) ni 3 ln x kwa x chanya, na jibu ni 3/x bila jasho.

Pale x haionekani

Katika x² + y² = 25, y nayo inategemea x ingawa haikuandikwa hivyo. Kwa hiyo y² ni mnyororo: cha nje ni kipeo, cha ndani ni y, na derivativu ni 2y·y′. Tunapata 2x + 2y·y′ = 0, yaani y′ = −x/y. Kwenye nukta (3, 4) mteremko ni −3/4. Ukikutana na x²y, hilo ni zao: 2xy + x²y′. Atakayesahau kwamba y inasogea ataandika 2xy na kuishia hapo.

Muda nao hujificha vivyo hivyo. Tangi lenye umbo la pia iliyogeuzwa, ncha chini, lina nusu kipenyo cha maji r = h/2 kwa kina h. Ujazo ni V = ⅓πr²h = πh³/12. Maji yanaingia lita 20 kwa dakika, sawa na m³ 0.02. Kina kinapanda kwa kasi gani? Kwa mnyororo, dV/dt = (πh²/4) · dh/dt. Kina kikiwa m 1, dh/dt = 0.02 × 4/π, takriban sm 2.5 kwa dakika. Kikiwa m 2, ni takriban sm 0.64, robo yake. Na hiyo πh²/4 ni eneo la uso wa maji yenyewe, πr². Maji yanayoingia yanatandazwa juu ya uso huo; uso ukipanuka mara nne, kina kinapanda polepole mara nne.

Kosa la hapa ni kuweka h = 1 kabla ya kutofautisha. V inakuwa π/12, namba tupu, na derivativu yake ni sifuri. Tofautisha kwanza, namba zije baadaye.

Jaribio gumu kidogo: xˣ

Hapa hata kikokotoo hakikupi jibu la wazi, maana x iko chini na iko juu kwa wakati mmoja. Anayeiona kama kipeo atashusha: x · xˣ⁻¹, yaani xˣ. Anayeiona kama namba iliyopandishwa kwenye x atasema xˣ ln x. Kwa x = 2 wa kwanza anapata 4, wa pili 2.77.

Iandike upya kwa x chanya: xˣ = e^(x ln x). Sasa kitendo cha mwisho ni kupandisha e, na cha ndani ni zao x ln x, ambalo derivativu yake ni ln x + x · (1/x) = ln x + 1. Kwa hiyo

(xˣ)′ = xˣ(ln x + 1)

Kwa x = 2 hiyo ni 4 × 1.6931 = 6.77, na ukihakiki kwa 2.001 na 1.999 inakubali. Lakini 6.77 ni 4 + 2.77. Wale wawili waliokosea kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu: wa kwanza aliisimamisha x ya juu akaacha ya chini isogee, wa pili akafanya kinyume. Kanda mbili za bamba, kila mtu na wake.